Tiki za Mama

Kabla ya kupiga mswaki, kabla hata ya kuvuta pazia, Fundi alikuwa akimwandikia mama yake neno moja: "Umeamka?" Mama hakujibu. Hakuwahi kujibu, wala hakuna aliyetarajia ajibu. Aliufungua ujumbe, tiki mbili zikageuka kutoka kijivu kuwa buluu, na shughuli ya asubuhi ikawa imekwisha. Sheria hiyo aliitunga Mama mwenyewe, mwaka ule masikio yalipomziba kabisa.

"Nikisoma, niko hai," alisema. "Maiti hafungui simu. Unataka na barua juu yake?"

Alikuwa na sababu. Alikuwa mpiga chapa ofisini mpaka alipostaafu, vidole kumi vikikimbia bila macho kutazama, na simu hii ya kioo ilimdhalilisha: kidole kimoja kikigonga kama kuku anayedonoa. Kusoma alisoma kila kitu. Kuandika aligoma.

Asubuhi hiyo tiki zilibaki za kijivu.

Fundi alioga, akatazama. Akavaa, akatazama. Akachemsha chai, akaisahau mezani. Tiki zilikuwa mbili, maana yake simu ya Mama ilikuwa inawaka na ujumbe umefika. Haikuwa chaji, wala haikuwa mtandao. Kilichokosekana ni jicho la Mama. Akapiga simu, ingawa alijua kumpigia kiziwi ni kumwimbia ng'ombe. Iliita mpaka ikachoka.

Ingekuwa mtu mwingine, angempigia kaka yake mkubwa. Lakini Kaka ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kupaswa kujua.

Kaka aliishi mji mwingine, na tangu mvua zilizopita alishikilia kwamba Mama ahamie kwake. Hoja yake ilikuwa moja: Mama hasikii, anakaa peke yake, akianguka nani atajua? Hoja ya Fundi nayo ilikuwa moja: nitajua mimi, kabla sijaoga. Akamweleza habari ya tiki. Kaka akanyamaza, maana alikuwa mtu wa haki hata akikasirika, na Mama akabaki na nyumba yake, mlango wake wa chuma na kiti chake cha dirishani. Nyumba nzima ya Mama ilikuwa imeegemea alama mbili ndogo kuliko punje ya mchele.

Na Kaka alikuwa ameanza upya. Jana, wakifunga kazi, ujumbe wake ulidondoka juu ya kioo cha simu ukionyesha mstari wa kwanza tu: "Mdogo wangu, kuhusu Mama nimeamua..." Nyuma yake ukafuata ujumbe wa sauti. Fundi alisimama pale mapokezi ya kliniki ya meno alikofanya kazi, ameishika simu kama mtu aliyepewa kaa la moto.

"Fungua basi," akasema dada wa mapokezi, ambaye macho yake hayakuwahi kupitwa na simu ya mtu.

"Nikifungua atajua nimesoma. Akijua nimesoma atataka jibu."

"Na jibu huna."

"Jibu ninalo. Ninachotaka ni muda wa kulipanga."

"Dada yangu, wewe unaishi karne gani? Lete hapa." Dada wa mapokezi aliichukua simu, kidole gumba kikapita kwenye mipangilio, kikaingia faragha, kikashuka mpaka kwenye taarifa za kusomwa, kikazima. "Tayari. Sasa wewe ni jini, unaona huonekani. Ila sauti usiiguse. Ukiisikiliza tu, kale kapicha ka maikrofoni kanageuka rangi, hakana siri."

Chini ya kitufe kulikuwa na maandishi madogo. Fundi aliyaona. Yeye aliyesoma kibandiko cha kila kopo la akriliki ya kutengenezea meno, hata kopo alilolitumia miaka kumi, safari hii hakuyasoma, kwa sababu alikuwa na haraka ya kumsoma Kaka. Na Kaka alikuwa ameandika: "Jumamosi nakuja na gari kumchukua Mama. Kama una neno, liseme kabla." Ujumbe wa sauti hakuugusa.

Sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi, na Fundi alikuwa kwenye meza yake ya kazi, chumba cha nyuma, kati ya safu za taya za plasta. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na wateja wengi hawakuwahi kuiona sura yake ingawa walitafuna kwa kazi ya mikono yake. Mteja wa leo alikuwa mtangazaji wa redio aliyevunja meno manne ya mbele kwenye ngazi za nyumbani kwake, na tangu hapo akisema "habari za asubuhi" ilisikika kama tairi linalotoa upepo. Alitakiwa kujaribishwa meno yake mchana.

Fundi alipasha kijiko cha nta, akasimika jino la kwanza, akavua glavu, akatazama simu. Kijivu. Akavaa glavu.

Angeweza kumpigia jirani wa Mama, Baba Mapacha, mchomeleaji, ambaye karakana yake ilipakana na ukuta wa Mama. Ubaya ni kwamba Baba Mapacha alikaa dawati moja na Kaka tangu darasa la kwanza. Kumwambia yeye ni kumwambia Kaka. Tofauti ni muda wa kubonyeza namba. Na Kaka akisikia kwamba mwenye tiki zake amelazimika kumtuma mtu mlangoni, hata Jumamosi hataingoja.

Kwa upande mwingine, kama Mama yuko sakafuni, kila dakika ya kuilinda hoja ni dakika ya Mama sakafuni. Fundi aliyaweka mambo haya mawili kwenye mizani na kuona wazi lipi zito. Bado mkono haukuinuka. Akavua glavu, akatazama, akavaa.

Dada wa mapokezi akachungulia mlangoni. "Jini wangu hajambo? Kaka katulia?"

"Katulia."

"Mbona uso kama umelamba ndimu?"

"Nina kazi."

"Haya. Mwenye kazi na kazi yake." Akaondoka. Baadaye Fundi alikuja kukubali kwamba sentensi moja zaidi pale ingeokoa mlango wa chuma. Lakini mambo ya mama yake hakuyaanika kazini, na siku hiyo hakuona kwa nini aanze.

Aliyevunja kimya ni Daktari, mwenye kliniki. Aliingia kutazama meno ya mtangazaji, akayainua kwenye mwanga, akayageuza mara mbili.

"Fundi, haya mawili ya kati. Umeyaweka upande gani?"

Fundi akatazama. Jino la kulia lilikuwa kushoto na la kushoto kulia, yamepeana mabega kama wagomvi. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Una nini leo?"

"Mama hajafungua simu tangu asubuhi. Anakaa peke yake, hasikii."

Daktari akayaweka meno mezani taratibu. "Sasa unakaa hapa unanichezea taya za watu? Nenda. Mtangazaji atapumzika kesho pia, hata wasikilizaji watashukuru."

Akiwa bado anafungua mkoba, Fundi alimpigia Baba Mapacha. Alimsikia akizima mashine, akitembea, akigonga chuma kwa chuma.

"Nimegonga mpaka kuku wa nyumba ya pili wametoka," akasema Baba Mapacha. "Pazia limefungwa. Komeo liko kwa ndani. Tufanyeje, dada? Nilikate?"

Fundi alijua anachoulizwa. Komeo likikatwa, hadithi ina mwisho wake tayari, na msimuliaji ni rafiki wa Kaka.

"Kata," akasema.

Akapanda teksi. Redioni mtu mwingine alikuwa akisoma habari mahali pa mtangazaji wake. Fundi aliishika simu mkononi, akaigeuza kifudifudi, akaigeuza tena. Taa ya barabarani ilipowaka nyekundu alimwona dereva akifuta kioo kwa utulivu wa mtu ambaye mama yake anasikia, akamchukia kidogo. Kisha simu ikaita. Dada wa mapokezi.

"Fundi, Daktari ananiambia Mama hajasoma ujumbe. Umejuaje hajasoma?"

"Tiki ni za kijivu."

 Dada wa mapokezi akasema polepole: "Lakini si tulizizima jana?"

"Tulizima zangu."

"Ndiyo hivyo. Ukizima zako, za wenzako nazo huzioni. Hata Mama asome mara mia, kwako zitabaki kijivu tu. Kwani hukusoma pale chini?"

 Fundi alikata simu, akaingia mipangilio, akashuka mpaka kwenye kitufe, na chini yake, kwa herufi ambazo hazikujificha hata kidogo, kila kitu kilikuwa kimeelezwa. Akakiwasha. Akaandika: "Mama?" Tiki mbili. Akangoja. Nyumba zikapita, kituo cha mafuta kikapita, ukuta mrefu wa shule ukapita. Kijivu, na safari hii kijivu cha kweli.

 Kosa lake lilieleza tiki za asubuhi. Halikueleza hali ya Mama. Mpaka dakika hii hakuwa na ushahidi wowote, wa uzima wala wa kifo, na mtu makini hamzuii mkata mlango kwa kukosa ushahidi. Akampigia Baba Mapacha hata hivyo. Simu iliita bila kupokelewa, na Fundi alijua kwa nini: grenda ya kukatia vyuma ikiwa mkononi, hakuna sikio linalofaa kitu.

Mlango wa chuma ulikuwa wazi alipofika, komeo limekatwa safi na sakafu imetapakaa vumbi jeusi. Majirani wawili walikuwa wamejipa kazi ya kufagia mahali palipo safi. Sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, alikaa Mama. Kichwani alikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe, na chini ya mfuko michirizi ya rangi nyeusi ikishuka kuelekea taulo la mabegani. Mbele yake Baba Mapacha alisimama na grenda yake kama mwanafunzi aliyekamatwa na manati.

"Huyo hapo kafika," Mama akasema, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Muulize huyu bwana amekuja kuniibia au kuniposa. Natoka bafuni nakuta mwanamume na cheche."

"Niligonga, mama," akasema Baba Mapacha.

"Nini?"

"Nimesema niligonga!"

"Hukugonga."

Fundi alikaa kwenye mkono wa kiti.  Mama, aliyezoea kusoma midomo, akamtazama, kisha akaendelea mwenyewe.

"Nilikusoma tangu jua halijatoka. 'Umeamka?' Nikaamka. Na wewe je? Jana nilikutumia picha ya pakiti ya rangi ya nywele, uniambie kama itanifaa. Kijivu mpaka nikalala. Binti yangu hafungui picha zangu. Nikasema labda kaanguka bafuni." Akanyoosha kidole kuelekea grenda. "Lakini mimi sikukutumia mtu na msumeno."

Picha aliiona. Aliifungua jana hiyohiyo, akatabasamu, akasema atajibu kesho. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba Mama naye huzitazama tiki.

Walikuwa na njia yao ya kuzungumza mambo marefu: Fundi aliandika kwenye simu yake kwa herufi kubwa, Mama akasoma na kujibu kwa mdomo. Akaandika sasa, bila kupamba: kwamba alizima tiki zake, kwamba hakujua zingezima na za wengine, kwamba kosa ni lake na mlango ataugharimia yeye. Akampa Mama simu.

Mama alikuwa ameufikia mstari wa pili wakati ujumbe ulipodondoka juu ya kioo. Kidole chake, chenye rangi ukuchani, kikaugonga kabla Fundi hajanyoosha mkono.

Ulikuwa wa Kaka, na Mama akausoma kwa sauti: "Baba Mapacha kaniambia. Ziko wapi tiki zako sasa? Siji Jumamosi, nakuja leo."

Baba Mapacha akatazama dari. "Nilimwambia kwa nia njema," akanong'ona.

Mama hakuishia hapo. Aliusukuma ukurasa juu kwa kidole, akasoma ujumbe wa jana, akasukuma, akasoma wa wiki iliyopita, na wa mwezi uliopita, hoja za Kaka na majibu ya Fundi, nani amsimamie, nani anajua zaidi, chumba gani, daktari gani. Alisoma kama alivyosoma rasimu za mabosi wake zamani, bila kubadili uso. Fundi alimtazama akisoma na hakupata mahali pa kuweka mikono.

"Hivi ni vikao," Mama akasema mwishoni. "Ajenda ni mimi. Mjumbe asiyealikwa ni mimi." Akaonyesha ujumbe wa sauti. "Na huu unasema nini?"

Fundi aliuweka sikioni. Kamaikrofoni kakageuka buluu. Kaka angekaona huko aliko. Sauti yake haikuwa ya hasira. Alikuwa amechoka, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia. Fundi alimwandikia Mama neno kwa neno: "Chumba nimeshakipaka rangi. Mdogo wangu, mimi siko karibu kama wewe. Simu ikiita asubuhi, moyo unanidondoka kabla sijaona ni nani. Kama Mama mwenyewe hataki, aniambie yeye, si wewe."

Mama alisoma, akasoma tena. Kisha akaivuta simu kwenye mapaja yake na kuanza kuandika. Ilichukua muda. Kidole kilidonoa, kikafuta, kikadonoa. Majirani walimaliza kufagia. Baba Mapacha alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, na hakuthubutu kuomba ruhusa.

"Ni Mama. Niko hai nina rangi kichwani. Jumamosi njoo ule na wanao, kisha gari lirudi na hao liliokuja nao. Chumba kipangishe. Mambo yangu niandikieni mimi."

Tiki zikawa buluu papo hapo. Juu ya ukurasa ikaonekana kwamba Kaka anaandika. Ikakoma. Ikaonekana tena.

"Sawa, Mama. Lakini ukianguka?"

Mama akainua uso, akamtazama Baba Mapacha. "Ufunguo utakaa kwako. Komeo jipya lifunguke na kwa nje. Na utalichomelea leo, maana wewe ndiye uliyelikata." Kisha akamgeukia Fundi. "Na kila asubuhi nitaandika mwenyewe, nyote wawili, kabla ya saa nne. Sasa nionyeshe pale ulipozima."

Fundi akaandika: "Ukizima sitajua umesoma."

"Ndiyo. Utajua nikikwambia." Mama aliufunga upya mfuko wa kichwani, uliokuwa umelegea. "Mwanangu, unajua kwamba asubuhi nafungua simu kabla ya macho? Hata nikiwa msalani nafungua, usije ukaota makaburi. Nimestaafu, na bado nasaini kuingia kazini. Nimechoka."

Hoja hiyo Fundi hakuwa nayo kwenye mizani yake. Alichukua simu ya Mama, akaenda mpaka kwenye kitufe, na kabla ya kukigusa akamwekea kidole kwenye yale maandishi madogo. Mama aliyasoma kwa sauti, majirani wote wakasikia: akizima, hataona za wengine.

"Vizuri," akasema. "Na mimi nilale."

Akazima mwenyewe. Jibu la mwisho la Kaka likaingia wakati huohuo: ikipita saa nne Mama hajaandika, hata siku moja, atakuja siku hiyo na hatabishana na mtu.

Kesho yake Fundi hakuandika "Umeamka?" Mkono ulikwenda wenyewe kwenye simu, akaurudisha. Kazini aliyeyusha nta ya meno mawili ya mtangazaji, akayasimika upya, kulia kulia, kushoto kushoto, akayapima kwenye taya ya plasta mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Simu aliifungia kwenye droo. Akaifungua droo. Akaifunga.

"Una siafu kwenye viatu?" dada wa mapokezi akauliza kutoka mlangoni.

"Mama hajaandika."

"Saa nne bado."

"Najua."

Dada wa mapokezi, safari hii, hakuwa na mzaha wa kuongeza. Akavuta kiti cha wateja, akakaa.

Kaka alikuwa ameshaandika mara moja: "Umepata kitu?" Fundi alimjibu hapohapo kwamba hajapata. Akachanganya plasta ambayo hakuna aliyeihitaji leo, ikaanza kushika kwenye bakuli kabla hajaimwaga, na mikono yake ilikuwa nyeupe mpaka viwikoni droo ilipotetemeka.

"nimeamka. komeo jipya linabana nimemwambia aje alipake mafuta. rangi imekolea sana nafanana na mjomba wako"

Dada wa mapokezi alisoma juu ya bega lake. "Haya, pumua."

Fundi alipumua. Aliirudisha simu kwenye droo, akashika mpini, akasimama. Mama asingeona kwamba amesoma. Huko kwenye kiti cha dirishani hakuna kilichogeuka rangi. Akaitoa simu tena na kuanza kuandika, plasta ikiganda kwenye kioo, kidole kimoja, herufi moja moja.